Kazi ya Kushauri Tu: Historia ya Vikao vya Kazini Tanzania

Waulize watumishi wa ofisi ya umma au wafanyakazi wa kiwanda nchini Tanzania ni kitu gani kinachowala muda bila kuwaachia faida, na wengi watataja vikao. Watasema vinachelewa kuanza, mwenyekiti anazungumza peke yake, ajenda zilezile zinarudi kila robo mwaka, na mwisho wake kila mtu anarudi mezani kwake kukuta kazi imelundikana. Maelezo yanayotolewa huwa ya tabia: hatujali muda, tunapenda hotuba, wenyeviti hawajui kuongoza. Kwa hiyo tiba inayopendekezwa nayo huwa ya tabia: semina ya uongozi wa vikao, saa ukutani, ajenda isiyozidi ukurasa mmoja. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, lakini hayafiki kwenye mzizi. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba kikao cha kazini katika nchi hii kilizaliwa na kulelewa kama kitu cha kumpa mfanyakazi badala ya mamlaka. Tangu enzi ya ukoloni, kila mara wafanyakazi walipoonyesha nguvu ya kusimamisha kazi, walijibiwa kwa kupewa mahali pa kusema, na kila mara mahali hapo palitenganishwa kwa makusudi na mahali pa kuamua. Uchovu tunaouona leo ni matokeo ya mpangilio huo, na hauwezi kuondolewa kwa kununua saa.

Tuanze na baraza, kwa sababu humo ndimo mazoea yetu ya kukaa pamoja yalimokulia. Katika miji ya pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, baraza ni kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, na ni mkutano wa watu wanaoketi hapo baada ya sala au wakati wa jua kupunga. Watu hukaa saa nyingi wakizungumza bei, safari, ndoa na siasa, na mara nyingi hakuna linaloamuliwa. Mtu aweza kuniambia hapohapo kwamba hoja yangu imekufa: kumbe yapo mazungumzo marefu yasiyo na uamuzi, na hayamchoshi mtu. Pingamizi hilo ni la haki, nalo linasaidia kuinoa hoja. Anayeketi barazani amekuja kwa hiari, anaondoka akitaka, na hakuna aliyemwambia kwamba anayoyasema yatabadilisha kitu. Kinachomchosha mtu si mazungumzo matupu. Kinachomchosha ni kulazimishwa kuhudhuria, kuahidiwa kwamba maoni yake yanahitajika, kisha kugundua kwamba jambo lilikwisha kuamuliwa kabla hajaketi. Masharti hayo matatu hayakuwapo kwenye baraza la pwani. Yaliletwa na dola.

Utawala wa Wajerumani, na wa Waingereza baada yao, uliitwaa desturi ya watu kukutana ukaifanya chombo cha kutangazia amri. Bwana shauri alikuwa na siku zake za kusikiliza mashauri na kusoma maagizo. Chini yake alisimama akida au chifu, na chini ya chifu wakaja jumbe na watu waliokusanywa. Wananchi waliruhusiwa kuuliza maswali, na hilo lilihesabiwa kuwa ushirikishwaji. Mfano unaoonyesha wazi mwisho wa njia hiyo ni Uluguru. Katika miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika iliwalazimisha wakulima wa milima ile kuchimba matuta ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kazi ilikuwa nzito, ardhi yenyewe haikuwa ya aina moja, na wenyeji walikuwa na sababu zao za kilimo za kuyakataa. Mpango ulielezwa na kuelezwa tena. Julai 1955, huko Matombo, umati uliokusanyika mbele ya wakuu haukutaka tena kuelezwa. Mawe yalirushwa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na baadaye mpango wa matuta ukaachwa. Swali la kama matuta yalifaa au hayakufaa lingeweza kujadiliwa kwa faida kubwa na watu waliokuwa wakiilima milima hiyo kwa vizazi. Lakini mikutano haikuitishwa kwa ajili ya swali hilo. Iliitishwa ili watu wakubali.

Sehemu za kazi nazo zilipita njia hiyohiyo. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo wao ukaenea kwa wafanyakazi wengine wa mjini, kisha ukafuata reli ya kati kwenda bara. Msuluhishi aliyeteuliwa alitoa uamuzi uliopandisha ujira wao, na chama chao kikaandikishwa. Miaka mitatu baadaye, Februari 1950, mgomo mwingine uliishia kwenye ghasia na chama hicho kikavunjwa. Baada ya hapo, serikali na waajiri waliweka mkazo kwenye kamati za pamoja za mashauriano, ambamo wawakilishi wa wafanyakazi wangekaa na wakuu wao kuzungumzia hali ya kazi. Fikra yenyewe ilitoka Uingereza. Mwaka 1917, katikati ya Vita Kuu na wimbi la migomo viwandani, kamati iliyoongozwa na mbunge J. H. Whitley ilipendekeza mabaraza ya pamoja ya waajiri na wafanyakazi, na baadaye mabaraza yenye jina lake yakaingia katika utumishi wa serikali, ikiwa ni pamoja na makoloni. Kule Uingereza, hata hivyo, mabaraza hayo yaliketi sambamba na vyama vya wafanyakazi vilivyokuwa na uwezo wa kugoma, na uwezo huo ndio uliofanya neno la mjumbe liwe na uzito mezani. Hapa Tanganyika kamati zilitangulizwa ili vyama visipate nguvu. Katika mashamba ya mkonge, mwishoni mwa miaka ya 1950, waajiri walipoanzisha kamati za mashauriano na baraza la pamoja la tasnia, chama cha wafanyakazi wa mashambani kilizitilia shaka tangu mwanzo. Chama kilitaka majadiliano, waajiri walitoa mashauriano. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo historia yote ninayoisimulia hapa: katika majadiliano pande mbili zinafungwa na walichokubaliana, na katika mashauriano upande mmoja unasema na mwingine unakwenda kufikiri.

Mtu angetarajia uhuru ubadilishe jambo hilo. Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika, lililoundwa mwaka 1955 na Rashidi Kawawa akawa katibu mkuu wake wa kwanza, lilikuwa mshirika wa karibu wa TANU katika kuutafuta uhuru. Lakini mwaka 1962 sheria mpya ya migogoro ya kazi ilifanya kugoma kihalali kuwe karibu na muhali. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na katika mshtuko uliofuata viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walitiwa kizuizini, vyama vikavunjwa, na NUTA ikaundwa kwa sheria kuwa chama kimoja cha nchi nzima, katibu mkuu wake akiteuliwa na Rais. Mwaka huohuo ikaja Sheria ya Usalama wa Ajira, iliyounda kamati za wafanyakazi mahali pa kazi. Kwa lugha nyepesi, mfanyakazi alipokonywa mgomo akapewa kamati.

Kamati hizo zinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu zinaonyesha kwamba tatizo halikuwa kikao chenyewe. Katika mambo mengi, kama vile tija, usalama na kanuni za kazi, kamati ilikuwa ya kushauri tu. Lakini katika jambo moja sheria iliipa mpini wa kushika. Mwajiri hakuweza kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu bila kuihusisha kamati, na mfanyakazi asiyeridhika aliweza kulipeleka shauri lake kwenye baraza la usuluhishi na hatimaye kwa Waziri. Kwa hiyo kikao cha kamati kilichokaa kuzungumzia kufukuzwa kwa mwenzao kilikuwa na maana ambayo kikao cha kuzungumzia tija hakikuwa nayo. Watu walewale, chumba kilekile, mwenyekiti yuleyule. Kilichotofautiana ni kwamba katika jambo la kwanza maneno yao yangeweza kumrudisha mtu kazini au kumpoteza. Anayedai kwamba Mtanzania kwa asili yake hajui kukaa kikao chenye tija inabidi aeleze ni kwa nini asili hiyo ilibadilika kwa kufuata ajenda.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ikajikuta mwajiri mkubwa kuliko wote, na swali la nani anaamua kiwandani likawa gumu kukwepa. Kiwanda kilisemekana kuwa mali ya umma, na wafanyakazi ndio umma uliokuwa ndani ya geti. Februari 1970 Mwalimu Nyerere alitoa Waraka wa Rais Namba 1, ulioagiza mashirika ya umma yaunde mabaraza ya wafanyakazi. Ndani ya baraza wangekaa meneja, wakuu wa idara, mwenyekiti wa tawi la TANU, kamati ya wafanyakazi na wawakilishi waliochaguliwa kutoka idara mbalimbali. Wangezungumza mishahara, masoko, mipango, ubora na wingi wa bidhaa. Orodha ya mambo ilikuwa pana kuliko yoyote iliyotangulia, na nia ya waraka, kwa kadiri maandishi yake yanavyosomeka, ilikuwa njema. Lakini kazi ya baraza ilikuwa kushauri. Uamuzi ulibaki kwa meneja na kamati yake ya utendaji, na juu yao bodi ya wakurugenzi. Wasomi waliochunguza mabaraza hayo wakati yakiwa bado machanga, akiwamo Henry Mapolu katika mkusanyo wake uliochapishwa Dar es Salaam mwaka 1976, walikuta vyombo vilivyotawaliwa na taarifa za wakuu. Ni rahisi kuona kwa nini. Meneja alikuja na hesabu, makisio na istilahi alizoishi nazo mwaka mzima, na mjumbe kutoka kwenye mashine za kusokota nyuzi alikuja na mambo aliyoyajua yeye: usafiri wa zamu ya usiku, chakula, vumbi la pamba, msimamizi mwenye matusi. Hayo yakaandikwa kwenye muhtasari chini ya ustawi wa wafanyakazi, na mengi yakarudi kikao kilichofuata yakiwa bado yamelala hapohapo.

Hapa ndipo mtetezi wa Mwalimu atakaponisimamisha, naye ana hoja nzito. Nyerere hakuuona mjadala kama kitu cha kupoteza muda. Katika maandishi yake ya mwaka 1963 kuhusu demokrasia na mfumo wa chama, alirejea picha ya wazee wa Kiafrika wanaokaa chini ya mti mkubwa na kuzungumza mpaka wakubaliane. Kwa mtazamo huo, kukosa kura na kukosa uamuzi wa haraka si kasoro. Ni njia ya kuhakikisha kwamba hakuna anayeachwa nyuma. Nakubaliana na picha hiyo, na ndiyo maana sikubaliani na namna ilivyotumiwa viwandani. Wazee wale walipomaliza kuzungumza, walilokubaliana ndilo lililofanyika. Hakukuwa na ofisi nyingine nyuma ya mti iliyosubiri kupokea mapendekezo yao na kuyapima. Urefu wa mazungumzo ulivumilika kwa sababu mwisho wake ulikuwa mikononi mwa wazungumzaji. Baraza la wafanyakazi la 1970 lilichukua urefu wa mazungumzo likaacha mwisho wake, na mfumo uliobaki ukaitwa kwa jina la heshima ambalo wazee wale walilipata kwa namna nyingine.

Ushahidi kwamba wafanyakazi waliijua tofauti hiyo vizuri ulikuja mwaka mmoja tu baadaye. Februari 1971, wiki chache baada ya Idi Amin kumpindua Obote nchini Uganda na miezi michache baada ya Wareno kuishambulia Guinea, TANU ilipitisha Mwongozo. Kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu kwa wale wanaowaongoza. Kwa mara ya kwanza mfanyakazi alipata maandishi ya chama tawala ambayo angeweza kumwekea meneja mezani. Kilichofuata kati ya 1971 na 1973 ni migomo zaidi ya 30, mingi katika viwanda na mashirika ya Dar es Salaam, iliyohusisha maelfu ya wafanyakazi, na mara nyingi chanzo chake hakikuwa mshahara. Ilikuwa ni lugha ya matusi, kufukuzwa kwa mwenzao, meneja anayewatazama watu kama vyombo. Wafanyakazi walikusanyika uwanjani au getini, wakausoma Mwongozo, wakazungumza kwa saa nyingi, wakaamua. Wapo waliomfungia meneja nje. Juni 1973, katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, walikwenda mbali zaidi: walimtoa mwenye kiwanda wakaendelea kuzalisha wenyewe, na serikali ikakubali. Mikutano hiyo ya getini haikuwa na ajenda iliyochapwa wala posho, nayo ilikuwa mirefu. Haikumchosha mtu kwa maana tunayoizungumzia, kwa sababu kila aliyekuwapo alijua kwamba kesho asubuhi jambo fulani lingekuwa tofauti kulingana na walichokubaliana.

Walipojitokeza wengine kufuata mfano wa Mount Carmel mwaka huohuo, jibu lilibadilika. Polisi waliitwa na wafanyakazi wakafukuzwa. Viongozi walisema kwamba Mwongozo ulikuwa umeeleweka vibaya, kwamba nidhamu inaporomoka na uzalishaji unaumia. Hoja ya uzalishaji haipaswi kupuuzwa. Nchi maskini yenye viwanda vichache haiwezi kufurahia mashine zilizosimama, na ni kweli kwamba baadhi ya migomo ilianzishwa na ugomvi wa watu wachache. Lakini hoja hiyo inaacha jambo moja bila kulieleza. Kama mabaraza ya 1970 yangekuwa na uwezo wa kumwondoa msimamizi mwenye matusi au hata kuzuia kufukuzwa kwa mtu bila sababu, malalamiko mengi kati ya yale yaliyowatoa watu mashineni yangekwisha ndani ya chumba cha kikao. Watu waligoma wakiwa na mabaraza, kwa sababu mabaraza hayakuweza kuyamaliza mambo yaliyowakera. Kuwarudisha kwa nguvu kwenye mabaraza yaleyale baada ya 1973 kulikuwa ni kuwafundisha, kwa vitendo, kwamba kikao ni mahali pa kukaa kimya kwa heshima. Somo hilo liliingia. NUTA ikawa JUWATA mwaka 1978, jumuiya ya chama kilichoshika hatamu, na migomo ya aina ile ikafifia.

Miaka ya 1980 iliongeza kitu ambacho sasa wengi wanadhani ndicho chanzo: fedha. Thamani ya mshahara wa serikali iliporomoka kiasi kwamba mtumishi hakuweza kumaliza nao mwezi, na baada ya masharti ya marekebisho ya uchumi wahisani wakaja na miradi, na miradi ikaja na warsha. Posho ya kikao, posho ya kujikimu, nauli, chai na bahasha vikawa sehemu ya kipato. Hapo utasikia watu wakisema kwamba vikao vinaitishwa kwa sababu vinalipa, basi. Sikatai kwamba vinalipa, na simlaumu mtumishi wa daraja la chini aliyelipia ada ya mtoto kwa posho ya siku tatu za Morogoro. Lakini posho haielezi kwa nini jambo hili lilikubalika kwa urahisi hivyo. Nadhani lilikubalika kwa sababu kikao kilikuwa tayari kimekwisha kutolewa kitu kilichokuwa kikiwavuta watu kukihudhuria. Mjumbe anayejua kwamba neno lake litaamua jambo hahitaji kulipwa ili aje. Asiyejua hilo lazima apewe sababu nyingine. Mwaka 2011 Zitto Kabwe alipotangaza kukataa posho za vikao vya Bunge, hoja yake ilikuwa rahisi na sahihi: kuketi bungeni ndiyo kazi ambayo mbunge tayari analipwa mshahara kuifanya. Zogo lililofuata lilionyesha jinsi tulivyokwisha kuzoea kwamba kuhudhuria ni huduma ya ziada inayostahili malipo yake.

Ndiyo maana pia siamini kwamba kubana matumizi peke yake kulitibu kitu. Novemba 20, 2015, akilizindua Bunge, Rais Magufuli alitaja zaidi ya shilingi bilioni 356 zilizotumika katika miaka miwili ya fedha kwa safari za nje: tiketi, mafunzo na posho za kujikimu. Takwimu hiyo ilistahili hasira iliyoipata. Safari zilidhibitiwa na fedha nyingi zikaokolewa, jambo ambalo lilikuwa haki ya walipa kodi. Lakini kwa mtumishi aliyebaki ofisini, uamuzi ulisogea juu zaidi kuliko ulivyokuwa. Mkuu wa idara aliyeogopa kutumbuliwa hakuwa na sababu ya kuamua jambo ambalo angeweza kulipandisha. Kikao kilipungua gharama, uwezo wake haukuongezeka, na mambo yaliyokuwa yakisubiri yakaendelea kusubiri.

Katika sheria, mlango haukufungwa. Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma ya 2003 inatambua mabaraza ya wafanyakazi katika wizara na taasisi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu chama na mwajiri kuunda kwa makubaliano chombo cha ushirikishwaji. Kila mwaka, msimu wa bajeti unapokaribia, mabaraza hukutana. Yeyote aliyewahi kuhudhuria baraza analijua lilivyo. Mgeni rasmi huingia, wajumbe husimama wakashikana mikono kuimba wimbo wa mshikamano, hotuba husomwa, picha ya pamoja hupigwa, halafu chai. Baada ya chai kikao huanza kazi yake kwa kuthibitisha muhtasari uliopita, kisha yatokanayo. Ukitaka kujua afya ya baraza lolote, usisome hotuba ya ufunguzi. Soma jedwali la yatokanayo. Upande wa kushoto limeandikwa jambo: malimbikizo ya madai, kupandishwa madaraja, vifaa vya kujikinga, uhaba wa vyumba vya ofisi. Upande wa kulia limeandikwa utekelezaji, na hapo utakuta maneno kwamba suala linafanyiwa kazi, limewasilishwa mamlaka husika, linasubiri kibali, litazingatiwa katika bajeti ijayo. Mara nyingi maneno hayo ni ya kweli tupu. Kiongozi wa taasisi anayekalia kiti cha mwenyekiti hana uwezo wa kulipa malimbikizo wala kuajiri. Kibali kinatoka utumishi na fedha zinatoka Hazina. Kisha huja ajenda kuu, makadirio ya mapato na matumizi, na wajumbe hujadili kwa bidii bajeti ambayo ukomo wake umekwisha kutolewa na Hazina kabla hawajapanda basi. Wanaweza kuhamisha fedha kidogo kutoka fungu hili kwenda lile. Mara nyingi hata hilo wanalipendekeza tu.

Hapo linakuja pingamizi la mwisho, na kwangu ndilo gumu kuliko yote. Haiwezekani, mtu atasema, kila chombo kiwe na mamlaka juu ya kila kitu. Nchi ina Hazina moja, na taasisi inayoongozwa na kura za wafanyakazi wake itasahau wananchi inaowahudumia. Yugoslavia ilijaribu kuanzia 1950 kuvikabidhi viwanda kwa mabaraza ya wafanyakazi, na huko nako wakurugenzi na mafundi walizidi kuwa na kauli, na vikao vikawa vingi mno. Nakubali. Kudai mamlaka juu ya kila kitu ni njia nyingine ya kutopata chochote. Lakini kati ya yote na hakuna, pana eneo kubwa ambalo historia yetu haijawahi kulijaribu kwa dhati, isipokuwa kwa kipande kile kidogo cha nidhamu mwaka 1964. Ujerumani Magharibi, kwa sheria yake ya mwaka 1972, iliorodhesha mambo machache ambayo mwajiri hawezi kuyapanga bila ridhaa ya baraza la wafanyakazi: saa ya kuanza na kumaliza kazi, saa za ziada, ratiba ya likizo, uendeshaji wa huduma za ustawi mahali pa kazi. Wakishindwa kukubaliana, jambo huenda kwenye bodi ya upatanishi na uamuzi wake hushika. Mambo makubwa ya uwekezaji yamebaki kwa mwenye mtaji, jambo ambalo wakosoaji wa mfumo huo hawaachi kulisema. Hata hivyo, mjumbe anayeingia kwenye kikao cha ratiba ya likizo anajua kwamba bila yeye ratiba haitoki.

Mambo ya aina hiyo yamejaa kwenye mihtasari ya mabaraza yetu, na hakuna hata moja linalohitaji kibali cha Hazina: zamu zipangwe vipi, nani aende mafunzo na kwa vigezo gani, chumba kipi kiwe cha akina mama wanaonyonyesha, gari la ofisi liwabebe watu wa njia ipi, fungu dogo la ustawi litumike wapi mwaka huu. Leo haya yote yanapelekwa kwa menejimenti kama mapendekezo. Kanuni ingeweza kutamka kwamba katika mambo matano au sita yaliyotajwa kwa majina baraza linaamua, menejimenti inatekeleza ndani ya siku zilizowekwa, na anayepinga anakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mengine yangebaki ya kushauri, na yangeandikwa wazi hivyo kwenye ajenda, ili mjumbe ajue kabla ya kuondoka nyumbani ni saa ngapi za siku hiyo ambazo ameitwa kuamua, na ni ngapi ambazo ameitwa kutoa maoni.